Mifupa ya Mtaa wa Prestwich: uchambuzi wa kisa cha makaburi ya mafukara wa Cape Town

Mwezi Mei 2003, wajenzi waliokuwa wakichimba msingi katika kitongoji cha Green Point, jijini Cape Town, walifukua mifupa ya watu. Kiwanja chenyewe kimezungukwa na mitaa minne, Prestwich, Alfred, Napier na Schiebe, na hakiko mbali na bandari. Mwenye kiwanja alikusudia kusimamisha hapo jengo la fleti za kifahari. Kazi ilisimamishwa, Wakala wa Rasilimali za Urithi wa Afrika Kusini, unaojulikana kwa ufupisho wa SAHRA, ukaarifiwa kama sheria inavyoagiza, na waakiolojia wa Chuo Kikuu cha Cape Town wakaitwa. Hadi uchimbaji ulipokamilika, mabaki yaliyotolewa pale yalikadiriwa kuwa ya watu wapatao 2,500, na hapakuwa na aliyeweza kutaja jina la hata mmoja wao.

Kisa hiki kimeandikwa sana na wasomi wa Afrika Kusini, na kwa kawaida husimuliwa kama ugomvi wa sayansi na heshima ya wafu, au wa fedha na kumbukumbu. Yote hayo yamo. Hata hivyo, anayezifuata tarehe moja baada ya nyingine ataona kwamba hatima ya watu wale iliamuliwa na jambo la kiofisi kabisa, nalo ni mpangilio wa hatua. Kibali cha kufukua kilitangulia, mazungumzo na wananchi yakafuata nyuma, na tangu hapo swali la kama wafukuliwe au waachwe walipo halikupata tena nafasi ya kuulizwa kwa dhati. Kilichobaki kujadiliwa kilikuwa ni wapi wapelekwe.

Kwanza tuwatazame wenyewe. Cape Town ilianza mwaka 1652 kama kituo cha meli cha VOC, Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India, na kwa zaidi ya karne moja na nusu ilikuwa mji wa bandari ulioendeshwa kwa kazi ya watumwa. Katika mji wa namna hiyo, mtu alizikwa kulingana na daraja aliyokuwa nayo akiwa hai. Washiriki wa kanisa walikuwa na viwanja vyao vya maziko. Waliosalia, ambao ndio waliokuwa wengi, walipelekwa ng'ambo ya mtaro wa Buitengracht, upande wa magharibi, kwenye ardhi iliyoteremkia baharini na ambayo hakuna aliyekuwa na haja nayo wakati huo. Wanahistoria wanawataja watumwa na watumwa walioachwa huru, Wakhoi na Wasani (kwa pamoja Wakhoisan), wenyeji wa asili wa Cape waliokwisha kunyang'anywa malisho yao, mabaharia walioshushwa wagonjwa wakafia bandarini, wavuvi, mafundi, wafua nguo, watu walioletwa ufukweni na mawimbi baada ya meli kuvunjika, pamoja na waliohukumiwa kifo, kwa sababu mahali pa kunyongea, Gallows Hill, palikuwa jirani. Maziko mengi ya hapo ni ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Makaburi yalibanana na mengine kukatana, kaburi jipya likichimbwa juu ya la zamani, hali inayoonyesha kwamba palizikwa kwa muda mrefu bila rejista wala msimamizi.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu ya kusoma aya hiyo mara mbili. Watumwa walioingizwa Cape kati ya 1652 na 1808 hukadiriwa kuwa takriban 63,000, na walitoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na pwani ya mashariki ya Afrika kwa mafungu yanayokaribia kulingana. Katika miaka ya 1770 meli za VOC zilisafiri kutoka Cape hadi Unguja kununua watu. Tarehe 27 Desemba 1794, meli ya Kireno iitwayo São José, iliyotoka Msumbiji ikielekea Brazil na watumwa zaidi ya 500, ilivunjika kwenye miamba ya Clifton, kilomita chache tu kutoka Green Point. Zaidi ya 200 walikufa maji. Walionusurika waliuzwa Cape Town. Watu hao waliishi mjini humo, wakafanya kazi, wakafa, na wengi wa watumwa wasiobatizwa hawakuwa na mahali pengine pa kuzikwa zaidi ya ardhi ile ya magharibi. Mwaka 1994 makaburi mengine yalipatikana Cobern Street, jirani na Prestwich, na uchunguzi wa isotopu, yaani alama za kikemia zilizomo katika meno na mifupa, ulionyesha kwamba baadhi ya waliozikwa hapo, wakiwemo waliochongwa meno, walikulia nchi za joto mbali na Cape. Ni uchunguzi unaotegemea jambo rahisi: jino hujengeka utotoni na kuhifadhi kemia ya chakula na maji ya mahali mtu alipokulia, wakati mfupa huendelea kujijenga upya, hivyo hueleza alikoishi miaka yake ya mwisho. Ukilinganisha viwili hivyo, unapata safari ya mtu ambaye hakuna karatasi iliyomwandika.

Ugunduzi wa Cobern Street unaleta swali ambalo katika mjadala wa 2003 halikupewa uzito unaostahili. Ikiwa miaka tisa kabla yake mifupa ilikuwa imeshapatikana mtaa wa jirani, na ikiwa wanahistoria walijua kwamba eneo lote la Green Point lilikuwa la maziko, basi mifupa ya Prestwich haikuwa jambo la kushtukiza. Ilikuwa ni ajali iliyotarajiwa. Uchunguzi wa ardhi kabla ya kibali cha ujenzi kutolewa ungeliweka suala mezani wakati ambapo mwenye kiwanja hajamwaga zege wala kuahidi fleti kwa wanunuzi, na wakati ambapo ramani ya jengo bado inaweza kubadilishwa.

Kusahaulika kwenyewe kulikuwa na historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 19 mji ulianza kupanuka, ardhi ya Green Point ikakatwa viwanja na kuuzwa, na nyumba zikajengwa juu ya makaburi. Utumwa ulifutwa Cape tarehe 1 Desemba 1834, lakini waliokuwa watumwa walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao miaka minne zaidi, hadi 1838, na walipokuwa huru kweli, wengi wa wazee wao walikuwa wamekwisha kufunikwa na kuta za watu wengine. Kisha ikaja karne ya 20 na sheria ya mwaka 1950 ya kugawa maeneo kwa misingi ya rangi, iliyoziondoa familia zisizo za kizungu katikati ya Cape Town. District Six ndiyo inayojulikana zaidi, kwa watu wake zaidi ya 60,000, lakini mitaa ya Green Point nayo ilipitiwa na fagio hilo hilo. Kwa hiyo hata wale ambao wangeweza kusema kwamba bibi zao waliwahi kusimulia habari za makaburi ya mahali pale walikuwa wamehamishiwa mbali na mahali penyewe.

Ukitaka kuona tofauti kati ya kaburi lenye wenyewe na kaburi lisilo na wenyewe, panda mtelemko wa Signal Hill hadi Tana Baru, makaburi ya kale ya Waislamu wa Cape, alipozikwa mwaka 1807 Tuan Guru, mwanazuoni aliyeletwa Cape akiwa mfungwa kutoka Tidore, kisiwa cha Indonesia ya leo. Serikali ilipoyafunga makaburi ya mjini mwaka 1886 kwa hoja ya afya ya umma, maelfu ya Waislamu waliandamana kumzika mtoto Tana Baru kinyume cha amri, na kukawa na makabiliano na polisi. Amri haikutenguliwa, lakini makaburi yale hayakufutika: yalikuwa na imamu, jamaa na majina. Mafukara wa Prestwich hawakuwa na jamaa wa namna hiyo mwaka 1886, na hapo ndipo mkondo wa kisheria wa kisa cha 2003 unapoanzia.

Sheria ya Rasilimali za Taifa za Urithi ya mwaka 1999, Na. 25, ina kifungu cha 36 kinachohusu makaburi. Kaburi la zaidi ya miaka 60 lililo nje ya makaburi yanayosimamiwa na mamlaka ya mtaa haliruhusiwi kuguswa bila kibali. Kwa maombi ya kawaida, sheria inataka mwombaji awe amefanya juhudi za makusudi kuzitafuta jamii zenye maslahi na kaburi hilo kwa mila, na awe amefikia nazo makubaliano. Hadi hapo ni sheria nzuri. Lakini kipo pia kifungu kidogo kinachohusu makaburi ambayo hayakujulikana na yakafichuliwa katikati ya ujenzi. Hapo mamlaka ya urithi hutakiwa kuchunguza, kisha kumsaidia mtu au jamii ambayo ni kizazi cha moja kwa moja cha waliozikwa kupanga kufukua na kuzika upya. Na asipopatikana mtu wala jamii ya aina hiyo, mamlaka hufanya mpango wowote itakaoona unafaa.

Uzito wote wa kisa umelala juu ya maneno hayo ya kizazi cha moja kwa moja. Mtumwa alitenganishwa na wazazi wake sokoni, akapewa jina la mwezi au la bandari, na watoto wake walikuwa mali ya bwana. Kumtaka mjukuu wa kitukuu wake alete ushahidi wa nasaba ni kumdai hati ambayo utumwa wenyewe ulikuwepo ili isiandikwe. Hivyo mfumo ambao kwa nje unamlinda kila aliyezikwa ulimlinda aliyekuwa na ukoo unaotambulika, na kumwacha asiye nao mikononi mwa uamuzi wa ofisa. Na sisi tusijione mbali sana na hili: hospitali zetu hutangaza maiti wasio na wenyewe, na muda ukipita halmashauri huwazika, bila yeyote kuuliza kama ndugu walikuwa na uwezo wa kulisoma tangazo.

Sheria iliruhusu siku 60 za kuarifu na kushauriana. SAHRA ilitoa kibali cha kufukua kwa ajili ya kuokoa mabaki kabla muda huo haujaisha, na mkutano wa kwanza wa hadhara ulipofanyika katika Kanisa la St Stephen tarehe 29 Julai 2003, waakiolojia walikuwa wameshakuwa kiwanjani wiki kadhaa. Mikutano miwili zaidi ilifuata mwezi Agosti. Watu waliohudhuria hawakuwa wametarajiwa kuwa wengi wala kuwa na hasira kiasi kile. Walikuwepo waliohamishwa kwa nguvu zama za ubaguzi, viongozi wa dini, wanaharakati wa Khoisan, watumishi wa Jumba la Makumbusho la District Six, wahadhiri. Uchimbaji ulisitishwa kwa muda. Tarehe 1 Septemba SAHRA ikatangaza kwamba utaendelea, na siku tatu baadaye ikaundwa kamati iliyojiita Hands Off Prestwich Street, yaani msiuguse Mtaa wa Prestwich, ambayo miongoni mwa sauti zake zilizosikika zaidi alikuwa kasisi wa Kianglikana Michael Weeder.

Kamati ilitaka wafu waachwe pale pale na kiwanja kifanywe mahali pa kumbukumbu. Hoja yake haikuwa kwamba kila mwanachama ana babu yake chini ya udongo ule. Ilikuwa kwamba waliozikwa bila heshima na mji uliowatumikisha ni wazee wa jamii nzima iliyotokana na utumwa na kunyang'anywa ardhi, na kwamba jamii hiyo ina haki ya kuwasemea bila kuonyesha nasaba. Kwa maoni yangu hoja hiyo ilikuwa na nguvu zaidi ya ilivyopewa. Afrika Kusini ilikuwa imetoka juzi juzi kwenye Tume ya Ukweli na Maridhiano, ambako wahanga walisikilizwa kwa mapana kuliko mahakama za kawaida zingeruhusu. Lakini ilipofika kwa wafu wa karne ya 18, ofisi ilirudi kwenye kipimo chembamba cha ukoo.

Upande wa pili haukuwa wa watu wabaya, na wanaoandika kana kwamba waakiolojia walikuwa vibarua wa mwenye jengo tu hawawatendei haki. Wataalamu walisema kwamba mifupa ndiyo nyaraka pekee za watu ambao serikali ya wakoloni haikuwaandika ila kama mali, kwamba magonjwa yao, kazi zilizowapinda mgongo na nchi walizotoka vyote vinasomeka humo, na kwamba kuwarudisha ardhini bila kuwasoma ni kuwanyamazisha tena. Wapinzani wakajibu kwamba wanaanatomia wa Afrika Kusini walikuwa na historia ndefu ya kuokota mafuvu ya watu weusi na Wakhoisan na kuyapanga kwenye rafu za vyuo vikuu kwa ajili ya nadharia za rangi, na kwamba mwili uliofanyiwa kazi bila ridhaa ukiwa hai hauwezi kufanyiwa kazi bila ridhaa ukiwa umekufa. Kila upande ulikuwa na kweli yake. Tatizo ni kwamba walikutanishwa ukumbini huku kijiko kikiwa kimeshaingia ardhini, na katika hali hiyo mtaalamu yeyote anayeeleza faida ya utafiti husikika kama anayetetea ufukuaji, hata kama angelikuwa tayari kusubiri miaka kumi.

Rufaa ya kamati ilikwenda kwanza ndani ya SAHRA, kisha kwenye baraza lililoundwa na waziri mwenye dhamana ya utamaduni, nalo likaikataa Julai 2004. Lakini miezi mitatu kabla ya uamuzi huo, mwezi Aprili, wakati nchi ikijiandaa kuadhimisha miaka 10 ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote, mabaki yaliyokwisha kutolewa yalihamishwa kwa maandamano na sala za viongozi wa dini mbalimbali hadi iliyokuwa hospitali huko Woodstock, masanduku kadhaa yakiwa yamefunikwa bendera. Kwa maneno mengine, rufaa ya kuzuia watu wasitolewe kaburini ilikuwa bado mezani huku sehemu kubwa yao wakiwa stoo. Sijui ni jambo gani jingine baraza lingeweza kuamua wakati huo ambalo lingekuwa na maana kiwanjani.

Fleti zilijengwa, jengo linaitwa The Rockwell. Mifupa ilikaa Woodstock hadi 2008, ulipokamilika Ukumbusho wa Prestwich kwenye kona ya Buitengracht na Somerset Road, uliobuniwa na msanifu majengo Lucien le Grange. Ndani yake kuna chumba cha kuhifadhia mifupa chenye safu za rafu za masanduku, na sehemu ya mbele ina mabango yanayoeleza historia ya eneo. Wakati wa Kombe la Dunia la 2010, njia ya mashabiki waliokuwa wakitembea kwenda uwanja wa Green Point ilipita mbele ya jengo hilo. Kukafunguliwa pia mgahawa wa kahawa humo humo ndani, na hilo limewaudhi wengi kuliko fleti zenyewe. Mimi silioni kuwa ndilo kosa kubwa. Jengo la kumbukumbu linahitaji watu waingie, na jiji halikutenga fedha za kutosha za kulifanya lijiendeshe kwa njia nyingine. Kosa kubwa ni la kabla yake: kwamba watu waliokwisha kuzikwa mara moja sasa hawako ardhini, jambo ambalo Waislamu, Wakristo na Wakhoisan wa kamati ile wote walilipinga kwa mila tofauti lakini kwa sababu moja, na kwamba kuwekwa kwao rafuni kulitokana na kutafuta njia ya kati baina ya kuzika na kuhifadhi kwa utafiti ambao nao ulibaki mdogo kwa sababu ya upinzani.

Njia hiyo ya kati ndiyo inayoniacha na shaka. Laiti wangezikwa upya, kamati ingekuwa imepoteza kiwanja lakini imepata maziko. Laiti wangechunguzwa kwa makubaliano, kama ilivyofanyika kwa sehemu Cobern Street, angalau tungejua ni wangapi walivuka bahari kutoka Msumbiji, Madagaska au Unguja, na pengine walitoka maeneo gani ya bara kabla ya kufikishwa bandarini. Badala yake masanduku yanangoja. Uamuzi wa kutochunguza ulikuwa halali, nao ulifanywa na watu waliokuwa na haki ya kuufanya. Hata hivyo ulifanywa na wenyeji wa Cape peke yao. Kifungu cha 36 hakielezi ni nani atakayeitwa mezani endapo aliyezikwa alizaliwa nje ya mipaka ya Afrika Kusini na kuletwa akiwa mfungwa, na matangazo yaliyowekwa kwenye magazeti ya Cape Town mwaka 2003 hayakuwa na njia ya kumfikia mtu wa Kisiwa cha Msumbiji au wa Kilwa.

Utafiti wa isotopu na wa vinasaba umesonga mbele sana tangu wakati huo, kiasi kwamba jino moja linaweza kutoa majibu ambayo zamani yalihitaji kuharibu mfupa mkubwa. Kama mjadala utafunguliwa tena, safari hii hakuna kijiko kiwanjani wala mnunuzi anayesubiri fleti, na swali linaweza kuwekwa kwa mpangilio uliokosekana mwanzoni: wahusika watafutwe kwanza, wakiwemo wa ng'ambo ya Ruvuma, kisha waulizwe kama wanataka kujua, na baada ya hapo tu ndipo sanduku lifunguliwe au lipelekwe kuzikwa.